Huna Kisukari, Lakini Moyo Wako Je?

Mtu akipimwa sukari na kuambiwa na mhudumu, "Mzee, huna kisukari," hushukuru na kwenda zake. Akifika nyumbani chai inaandaliwa kama kawaida, vijiko vitatu vya sukari na maandazi manne, maana jibu limekwisha kupatikana. Shukrani yake ni ya haki kabisa. Kisukari ni ugonjwa mzito, na asiyekuwa nao ameepukana na mengi. Lakini jibu alilopewa linahusu swali moja tu, nalo ni kama sukari yake imevuka mstari fulani. Halikumwambia yuko umbali gani na mstari huo, wala halikumwambia lolote juu ya mishipa ya moyo wake.

Mwezi huu tuzungumze juu ya watu hao walio upande wa huku wa mstari. Ni wengi kuliko wagonjwa wenyewe, na wengi wao hawana habari.

Mstari huo ulichorwaje?

Kwa vipimo vya hospitali zetu, mtu ambaye hajala kitu kwa saa 8 au zaidi akikutwa na sukari ya 7.0 au kuzidi, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikatoa jibu lile lile, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Wataalamu hawakuiokota namba hiyo hewani. Waliwaangalia watu wengi na kuuliza: ni kiwango gani cha sukari ambapo mishipa midogo ya ndani ya jicho huanza kuharibika waziwazi? Chini ya kiwango hicho macho mengi yalikuwa salama. Kuanzia hapo kwenda juu, uharibifu ulianza kuonekana. Basi hapo ndipo mstari ulipowekwa.

Ni mstari mzuri kwa kazi yake. Ila ona jambo hili: ulichorwa kwa kulitazama jicho, haukuchorwa kwa kuutazama moyo. Mishipa mikubwa inayoulisha moyo haikuulizwa. Na ilipokuja kuulizwa, jibu lake lilikuwa tofauti.

Kule London, maofisa wa serikali ya Uingereza wapatao 18,000, wote wanaume, walipimwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Walinyweshwa maji yenye glukosi, na baada ya saa 2 damu yao ikapimwa. Kisha wakafuatiliwa. Mwaka 1980 matokeo yalichapishwa: wale ambao sukari yao ilibaki juu kidogo baada ya saa 2, ingawa hawakuwa na kisukari, walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara mbili ya wenzao. Hawa walikuwa watu waliokwenda kazini kila siku na kujiona wazima.

Sukari inayonata

Kabla ya kuendelea, tuelewane jinsi sukari inavyokaa katika damu. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Katika damu hiyo yote, asubuhi kabla ya kula, sukari iliyoyeyuka ndani yake ni gramu 4 au 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja tu kwa mwili mzima! Na mwili hufanya kazi usiku na mchana ili kiasi hicho kisizidi wala kupungua sana. Unapokula ugali au mkate, wanga hugeuka sukari na kuingia damuni. Kongosho hutoa insulini, na insulini hufungua milango ili sukari iingie katika misuli na katika ini.

Sasa sukari ina tabia ya kunata, kama kila mama anayepika jamu ajuavyo. Ndani ya damu hujibandika kwenye chembe nyekundu, na hasa kwenye ile rangi yake nyekundu inayoitwa himoglobini. Ikishabandika haitoki mpaka chembe ife, na chembe nyekundu huishi miezi minne hivi. Kwa hiyo ukipima ni himoglobini kiasi gani imenatiwa na sukari, utajua wastani wa sukari ya mtu kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Iran, Samuel Rahbar, aliona himoglobini ya namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa kisukari mjini Tehran, na kutokana na kazi hiyo tumepata kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Uzuri wake ni kwamba hakidanganyiki kwa kujinyima chakula siku moja kabla ya kwenda hospitali.

Jibu lake hutolewa kwa asilimia. Kuanzia 6.5 ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 wataalamu wa Marekani huita hali ya kabla ya kisukari. Chini ya hapo huitwa kawaida.

Kipimo hiki ndicho kilichofungua macho ya watafiti wa moyo. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa juu ya Wamarekani zaidi ya 11,000 wasio na kisukari, waliokuwa wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokuwa na HbA1c kati ya 5.0 na 5.5 walichukuliwa kama kipimo cha kulinganishia. Waliokuwa kati ya 5.5 na 6.0 walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 23. Waliokuwa kati ya 6.0 na 6.5 ilizidi kwa asilimia 78, yaani karibu sawa na wale waliokwisha kuvuka mstari. Na hesabu hiyo ilifanywa baada ya kuondoa uzito wa umri, unene, sigara, mafuta na presha.

Zaidi ya hayo, mwaka 2021 watafiti wa Hispania walitoa matokeo ya watu karibu 4,000 wasio na kisukari, wafanyakazi wa benki mjini Madrid, ambao walipoanza kuchunguzwa walikuwa na umri wa miaka 40 hadi 54. Hawa hawakusubiriwa mpaka waugue. Mishipa yao ya shingoni, tumboni na mapajani ilichunguzwa kwa ultrasaundi, na moyo kwa eksirei ya kompyuta. Kadiri HbA1c ilivyokuwa juu, ndivyo utando wa mafuta ulivyokutwa katika sehemu nyingi zaidi za mwili, na jambo hilo lilianza kuonekana hata chini kidogo ya mstari wa "kabla ya kisukari". Tena lilionekana wazi zaidi kwa wale ambao kwa vipimo vingine vyote madaktari wangewaambia kwamba hawana hatari yoyote ya kutajwa.

Ndani ya mshipa

Ateri yenye afya ni laini kwa ndani kama ganda la yai lililochemshwa. Ulaini huo ni wa utando mwembamba sana wa seli, na utando huo ni mlinzi: huzuia damu isigande ovyo, na huuamuru mshipa utanuke mwili unapohitaji damu zaidi. Sukari inapopanda mara kwa mara baada ya chakula, hata kama hushuka tena, mlinzi huyu hudhoofika. Mafuta ya damu hupenya chini yake. Chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kusafisha, huja kuyala mafuta hayo, hushiba kupita kiasi na kufia pale pale. Mabaki yao hujikusanya mwaka baada ya mwaka.

Kazi hii huanza mapema kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha habari za uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika vita ya Korea. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 22. Watatu kati ya kila wanne walikuwa tayari na dalili za utando huo katika mishipa ya moyo. Vijana waliofaulu mtihani wa afya wa jeshi!

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa sababu sipendi msomaji atishwe bila sababu. Sukari iliyo juu kidogo haiendi peke yake. Mara nyingi huongozana na tumbo kubwa, presha ya kupanda, mafuta mabaya mengi na mafuta mazuri machache. Jamaa hao wote ni watoto wa baba mmoja: mwili uliochoka kuisikia insulini. Insulini hubisha hodi, misuli haifungui, kongosho hutoa nyingi zaidi, na kwa muda mrefu sukari hubaki karibu ya kawaida wakati mambo mengine yanaharibika. Kwa hiyo sukari ya 6.0 au 6.3 asubuhi huenda ni mwizi mwenyewe, na huenda ni mbwa anayebweka kutuambia mwizi yumo ndani. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha kila kimoja.

Ubishi huo una maana kwa mfuko wako. Kama kosa lote lingekuwa la sukari, basi kuishusha kwa dawa kungeuokoa moyo. Lakini mwaka 2012 majaribio makubwa ya watu zaidi ya 12,000, waliokuwa na sukari ya juu kidogo au kisukari kichanga, yalionyesha kwamba kuwachoma insulini kwa miaka 6 hivi hakukupunguza magonjwa ya moyo hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikuuzia vidonge au mizizi ya "kushusha sukari ili kulinda moyo" na wewe huna kisukari, zishike vizuri shilingi zako.

Mji wa Da Qing

Kilichosaidia ni kitu kingine. Da Qing ni mji wa visima vya mafuta kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka 1986 watu 577 wa mji huo, ambao sukari yao ilikuwa katikati, waligawanywa kufuatana na kliniki zao. Baadhi waliachwa waendelee kama zamani. Wengine walifundishwa kula vizuri, au kufanya mazoezi, au yote mawili, kwa miaka 6. Hakuna mashine wala dawa ya gharama iliyotumika, ila kukutana, kufundishwa na kukumbushana.

Miaka 30 baadaye walihesabiwa tena. Waliofundishwa walikuwa wamechelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4. Magonjwa ya mishipa ya moyo na ya ubongo yalikuwa yamepungua kwa robo hivi, na vifo vya moyo kwa theluthi moja. Waliishi kwa wastani karibu mwaka mmoja na nusu zaidi ya wenzao. Ni haki kusema pia kwamba majaribio kama hayo yaliyofanyika Marekani yalizuia kisukari vizuri sana, lakini kwa upande wa moyo hayakuonyesha tofauti, labda kwa kuwa Wamarekani wengi wa makundi yote walikuwa wakimeza dawa za presha na za mafuta. Familia nyingi za kwetu hazimezi dawa hizo. Kwa hali hiyo naona Da Qing ya mwaka 1986 inafanana na sisi zaidi.

Na kwetu Tanzania?

Katika miaka ya 1980 Dk. Donald McLarty na wenzake walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Lakini hata wakati ule, walioonekana kuwa katikati walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wagonjwa. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa taifa uliofanywa kwa namna tofauti, wenye kisukari walikuwa kama 9 kati ya 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mtu hawezi kulinganisha namba hizo mbili kama anavyolinganisha debe na debe, lakini mwelekeo hauna siri. Jembe limepungua, pikipiki zimeongezeka, na soda imefika mahali ambapo barabara ya lami haijafika.

Kuna watu wanaopaswa kupimwa mapema zaidi. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari. Mwenye presha. Mwenye tumbo lililochomoza hata kama miguu ni myembamba. Na akina mama nawaomba wasikie hili vizuri: mama aliyewahi kuambiwa ana sukari wakati wa ujauzito, hata kama ilitoweka baada ya kujifungua, hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kubwa kuliko ya mama mwingine, hata asipopata kisukari maisha yake yote. Akina mama wengi husahau habari hiyo mara mtoto anapoanza kutembea. Mwambie daktari kila unapokwenda, hata kama hakukuuliza.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Zahanati nyingi zina kile kipimo cha tone la damu la kidoleni. Nenda asubuhi kabla ya kunywa chai, na uliza namba yako. Usikubali kuondoka na neno "kawaida" peke yake. Iandike namba na tarehe, kwenye jalada la daftari la watoto kama huna karatasi nyingine. Shirika la Afya Duniani huanza kuangalia kwa makini kuanzia 6.1, Wamarekani huanza 5.6. Aliyekuwa na 5.0 miaka mitatu iliyopita, akapata 5.5, na leo ana 6.0, hajaambiwa na mtu yeyote kwamba ni mgonjwa, lakini namba zake zinapanda mlima.

Kwa wale wanaoweza kupata kipimo cha miezi mitatu, kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo. Kipimo kile hutegemea umri wa chembe nyekundu. Mwenye vinasaba vya selimundu, hata yule wa nusu ambaye haugui kamwe, anaweza kupata namba iliyo chini kuliko ukweli. Mwenye upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma anaweza kupata iliyo juu kuliko ukweli. Kwa nchi yetu haya si mambo ya nadra, basi kama unajijua una mojawapo, mweleze daktari kabla hajasoma jibu.

Na wakati uko pale, omba upimwe presha. Ikiwa fedha inatosha kipimo kimoja tu, mimi ningechagua presha. Presha ya juu huua mioyo na kuleta kiharusi kwa njia iliyo wazi zaidi kuliko sukari ya katikati, na matibabu yake yanajulikana. Mvuta sigara naye asianze kuhangaika na sukari ya 5.8 wakati ana pakiti mfukoni. Aanze na pakiti.

Jikoni na njiani

Watu huniuliza, "Basi niache ugali?" Hapana. Ugali haukuanza jana, na babu zetu waliula bila ya ugonjwa huu. Tofauti ni kwamba waliula wa dona, tena kidogo ukilinganisha na mboga, na walikuwa wametoka shambani. Unga mweupe uliokobolewa huwa sukari haraka sana tumboni. Dona, mtama na ulezi huchelewa. Maharage, kunde na choroko huchelewa zaidi, na vikiliwa pamoja na wali au ugali huizuia sukari isirukie juu. Hata mpangilio una maana: anayeanza kwa mchicha na maharage, kisha akamalizia na ugali, sukari yake hupanda kidogo kuliko anayeanza na tonge kavu. Jambo hili halina gharama yoyote ila subira ya dakika tano.

Vinywaji ndivyo ningevikemea kwa sauti. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40, sawa na vijiko 9 vya chai. Kumbuka damu yako yote ina kijiko kimoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa ingekuwa vizuri isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo chupa moja imekwisha kupita. Juisi ya matunda, hata ile ya kukamua nyumbani, ni ndugu yake soda. Kula chungwa lenyewe na nyama zake. Sherehe ya kipaimara au ndoa haiharibiki kwa kuweka na maji mezani, ili mgeni asiyetaka soda asionekane anadharau.

Chai ina njia yake. Anayeacha vijiko vitatu ghafla kesho huvirudia keshokutwa. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, na ulimi utafuata bila kelele.

Kisha miguu. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari kutoka damuni hata kama imekuwa bishi kwa insulini. Mlango wa nyuma hufunguka wenyewe. Kwa hiyo kutembea dakika 10 au 15 mara baada ya chakula cha jioni, wakati sukari inapanda, kuna faida zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wataalamu hupendekeza dakika 150 kwa wiki za kwenda kwa haraka kiasi cha kukufanya uhemee juu kidogo. Mkulima anayelima kweli amekwisha timiza. Karani, mwalimu, dereva na mwenye duka anayekaa kutwa nzima kwenye kiti hawajatimiza, na mara nyingi hao ndio wenye kula maandazi ya saa nne. Kwa mtu mnene, kupunguza kilo 5 au 6 kati ya 80 kunatosha kuleta badiliko kubwa katika sukari, hakuna haja ya kurudia umbo la siku ya arusi.

Mwisho, asiyekuwa na kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo kama mwingine yeyote, na asidanganywe na cheti chake cha sukari. Maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayokwenda kwenye mkono wa kushoto au kwenye taya, jasho baridi, kukosa pumzi, na kwa akina mama wakati mwingine uchovu mkubwa wa ghafla na kichefuchefu tu: hayo si ya kungojea asubuhi wala ya kunywea magadi kwa kudhani ni kiungulia. Mpelekeni hospitali saa ile ile, na mkifika mlangoni semeni kwanza kwamba ni kifua, kabla ya kuulizwa jina.